Sekunde Thelathini za Mzee Lebo

Sura ya Saba

Inspekta alikuwa na siri moja ambayo hata mumewe aliijua nusu tu. Aliogopa vyumba vilivyofungwa. Hakuvichukia, aliviogopa, kwa mate kukauka na viganja kulowa. Katika miaka ishirini na mbili ya kazi alikuwa amewafuata watu wenye mapanga hadi uvunguni mwa vitanda, lakini choo chenye kitasa kibovu kilimshinda. Mama yake alizoea kusema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na Inspekta aliishi kwa nusu ya kwanza ya maneno hayo. Hapo hospitali aliiacha lifti tupu, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na kusema ni mazoezi. Na aliposimama mbele ya chumba cha mitambo, Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, jambo la kwanza alilofanya halikuwa la kipelelezi hata kidogo. Alivua kiatu cha kulia akakiegemeza kwenye kizingiti, mlango usije ukajifunga.

"Kiatu, bosi," Koplo alisema.

"Nimekiona. Nimekivua mimi."

Koplo alifungua taarifa ya zimamoto. Kituoni walimwita Saa Mbovu kwa kuwa hajawahi kuwahi popote, hata harusini kwake mwenyewe, lakini kunyamaza alijua.

Chumba kilikuwa na ukubwa wa jiko la nyumba ya kupanga. Kuta zilikuwa zimefunikwa mabati, kwa hiyo simu humo hazikushika mtandao. Kulikuwa na baridi, mvumo wa feni, na kabati moja la chuma lenye mitambo miwili myeusi, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja mkubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Hapa ndipo alipokufa Mzee Lebo, Jumapili. Alikuwa fundi wa miaka sitini na mmoja, na jina hilo walimpa kwa sababu hakugusa kitu bila kukibandika lebo: kebo, swichi, kikombe cha chai, hata mwavuli. Alikuja kufanya kazi moja. Mtambo wa juu ulihifadhi kumbukumbu zote za hospitali, na kwa miaka saba ulikuwa peke yake. Siku ukianguka, hospitali nzima ingepofuka. Alitakiwa auunganishe na mtambo mpya wa chini, iwe jozi. Katikati ya kazi hiyo gesi ya kuzimia moto ilifyatuka na kufukuza hewa yote chumbani. Moto wenyewe haukuwapo.

"Ajali," Koplo alisema, akisoma taarifa ya zimamoto. "Vumbi la kutoboa ukuta limedanganya kihisio cha moshi."

"Nionyeshe tundu lililotobolewa."

Koplo alitazama kuta zote nne, kisha dari. Hapakuwa na tundu.

Kando ya mlango, kwa ndani, kulikuwa na kisanduku cha manjano chenye kitufe kikubwa na tarakimu nyekundu: 30. Maelezo yalibandikwa juu yake. King'ora kikianza kulia, sekunde thelathini zinahesabiwa kabla ya gesi kutoka. Ukibonyeza kitufe na kukishikilia, hesabu inasimama. Ukiachia, inaendelea pale ilipoishia. Mwili ulikutwa chini ya kisanduku hicho, na daktari alikuwa ameandika kwamba vidole gumba vyote viwili vilikuwa vimevilia damu. Inspekta alibonyeza ajaribu. Kitufe kilikuwa kigumu, na baada ya dakika moja kidole chake kilianza kutetemeka.

"Alishikilia," alisema. "Alishikilia muda mrefu. Kwa nini hakusukuma mlango akatoka?"

Walitoka nje wakautazama mlango. Ulifunguka kuelekea koridoni, na kwa ndani haukuhitaji kadi, kusukuma tu. Lakini korido ilikuwa nyembamba, na kwenye mlango, usawa wa nyonga, kulikuwa na mchubuko wa rangi ya kijani. Ukuta wa ng'ambo ulikuwa na kibonyeo kipya, usawa uleule. Kitu fulani kizito kilikuwa kimebanwa katikati, kati ya mlango na ukuta. Pembeni ya fremu kulikuwa na kipini chekundu cha kufyatulia gesi kwa mkono, kimefungwa kwa lakiri ya plastiki. Lakiri nyingine zote za ghorofa ile zilikuwa zimepauka kwa vumbi la miaka. Hii ilikuwa nyeupe kama jino la mtoto.

Hapo Inspekta alishikwa na baridi ya pili, ile isiyotoka kwenye feni. Mtu alivuta kipini hiki. Kisha alisimama hapa hapa, hatua moja kutoka kwenye kioo cha mlango kisichozidi upana wa sahani, akasubiri kidole cha mzee kichoke. Halafu akaondoa alichobania, akaweka lakiri mpya na kwenda zake.

Simu ililia. Alikuwa mkuu wake.

"Umemchukua yule msichana, mpwa wa marehemu?"

"Bado, Afande."

"Kadi yake imekutwa ndani. Jumamosi waligombana, watu wamesikia. Alikuwa peke yake na marehemu. Unataka nini tena, picha ya harusi?"

"Nipe hadi saa sita."

"Saa sita. Ikifika saa sita na dakika moja nataka awe ndani, na karatasi ya mashtaka iwe mezani."

Karibu na ngazi Koplo alikuwa anasoma tangazo lililobandikwa ukutani. "Leo kuna majaribio ya kengele ghorofa hii, bosi. Saa nne hadi saa saba. Wanasema tusijali."

"Wanarekebisha gesi," Inspekta alisema, akapita akiwa na kiatu kimoja.

*

Msichana mwenyewe alikuwa kwenye chumba cha chai, milango miwili mbele. Alikuwa binti wa dada yake Mzee Lebo, umri wa miaka ishirini na sita, yeye mwenyewe fundi wa mitambo mwenye cheti. Alishika kikombe kitupu chenye lebo: CHANGU. USIGUSE. Kila mtu alipopita koridoni, macho yake yalikimbilia mlangoni.

"Pole na msiba, mwanangu."

"Asante, Mama."

"Jumamosi mligombana nini?"

"Nilimwambia naacha kazi, nimepata kampuni nyingine. Akakasirika. Akasema, mtambo unapewa mwenzake, mimi unaniacha peke yangu."

"Na kadi?"

"Ilikuwa kwenye koti. Mle ndani kuna baridi, nje kuna jua. Nilivua koti nikaliacha. Mjomba alinituma saa tatu kasoro dakika kumi, kebo ya akiba kutoka stoo ya chini, halafu chai."

"Ukarudi?"

"Saa tatu na dakika arobaini. Nikamwona kupitia kioo."

"Dakika hamsini kwa kebo na chai?"

Msichana alikigeuza kikombe. "King'ora kililia, Mama. Nilikisikia nikiwa kwenye foleni ya chai. Lakini kulikuwa na tangazo. Lilisema kuanzia saa mbili hadi saa nne kompyuta zitazimwa na kengele zitalia kwa ajili ya kazi, watu wasijali." Alikitazama kikombe. "Sikujali. Nikaweka sukari."

Inspekta alisogeza kiti karibu. "Nani aliandika tangazo?"

"Mzee wa Mafaili. Mkuu wa kumbukumbu. Ndiye msimamizi wa usalama wa ghorofa."

"Mjomba wako alikuwa na adui?"

"Adui wa mjomba ni mtu anayerudisha kebo bila kuikunja." Karibu atabasamu, kisha sauti ikashuka. "Ijumaa alikuwa anakagua kumbukumbu. Kabla ya kuunganisha ni lazima ukague, maana uongo ulio kwenye mtambo mmoja utakuwa kwenye yote miwili. Akakuta picha mbili za eksirei, kifua cha dereva na kifua cha mwalimu. Picha ileile. Ubavu uleule umevunjika, pini ileile imesahauliwa kwenye kola. Akatafuta zaidi, akapata arobaini za namna hiyo. Akasema hataunganisha uongo, atamuuliza mwenye mafaili."

"Alimuuliza?"

"Sijui. Mimi naogopa, Mama. Tangu jana kuna mtu anapita hapo nje na kitu chenye gurudumu linalolia. Anakuja, anasimama, anaondoka. Nikifungua mlango, hakuna mtu."

*

Ofisi ya Mzee wa Mafaili ilikuwa mwisho wa korido. Rafu za karatasi zilifika darini, zote zimenyooka, na yeye mwenyewe alikuwa amenyooka vilevile: sweta safi, kucha safi, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Toroli ya kijani ilisimama kando ya meza, imejaa mafaili. Hilo peke yake halikuwa ushahidi. Toroli za kijani zilikuwa kila ghorofa. Aliisogeza ili mgeni apate kiti, na gurudumu moja likalia kwi, kwi, kwi.

Inspekta alijilazimisha kukaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu, karibu sana. Mbona kiatu kimoja?"

"Kingine nimekiacha mlangoni kwa marehemu. Sipendi milango inayojifunga."

"Hakuna anayeipenda," mzee alisema kwa huruma.

"Jumapili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Jumapili ni siku ya wajukuu. Nilipigiwa simu, nikafika hapa saa nne na nusu."

"Fundi alikuuliza habari za picha?"

Mkono uliokuwa unasawazisha mafaili ulisimama. "Picha zipi?"

"Zinazofanana."

"Vifua vya watu vinafanana, mwanangu."

"Na pini?"

Mzee alitabasamu, akaendelea kusawazisha. "Mwaka jana diski kadhaa zilikufa kabla hazijanakiliwa. Hiyo si siri kubwa. Siku hizi watu wanaamini mashine kuliko karatasi. Sasa tazama, jana kati ya saa mbili na saa nne mtambo ulikuwa umezimwa, kwa hiyo mlango ule haukumbuki nani kaingia, nani katoka. Karatasi ya walinzi ni tupu. Faili langu halilali hivyo."

Inspekta hakuwa amemuuliza habari za mlango.

"Na ile gesi?" alisema, kwa sauti aliyoitaka iwe ya kawaida.

"Mitungi ya akiba imeunganishwa leo asubuhi. Siwezi kuacha ghorofa bila kinga."

Alipotoka, fulana ilikuwa imegandamana mgongoni. Alimvuta Koplo hadi kwenye ngazi. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe: diski zimekufa, mzee akaziba mapengo kwa picha za watu wengine ili hesabu itimie, na fundi akazigundua kabla ya kuzinakili. Madaktari walikuwa wanatibu kifua cha mtu kwa kutazama kifua cha mwingine. Sababu ya kuua ilikuwapo. Uthibitisho haukuwapo, na ilikuwa saa tano kasoro dakika chache.

"Nenda nyumbani kwake. Dakika kumi kwa gari. Waulize wajukuu, babu aliondoka saa ngapi jana. Wajukuu, si watu wazima. Hao watakuwa wamefundishwa la kusema."

"Sawa."

"Na Koplo, usisimame popote."

"Bosi, mimi?" Koplo alisema kwa uchungu, akashuka.

*

Karatasi ya kazi ya Mzee Lebo ilikuwa imetundikwa nje ya chumba cha mitambo. Hatua nane. Tano zilikuwa na alama ya vema, tatu za mwisho zilikuwa wazi, na sahihi haikuwapo. Kila mtu aliyeisoma tangu jana alifikia jambo lilelile: alikufa kazi haijaisha. Inspekta aliisoma mara mbili, kisha akarudi chumba cha chai.

"Jana saa nne mafaili yalifunguka?"

"Yalifunguka," msichana alisema. "Mapokezi waliandikisha wagonjwa kama kawaida."

"Nani aliyawasha?"

Msichana aliinua kichwa.

"Saa nne mjomba wako alikuwa amelala sakafuni," Inspekta alisema. "Marehemu haunganishi mitambo. Kwa hiyo iliunganishwa akiwa hai. Saa ngapi?"

"Lebo," msichana alisema, na tayari alikuwa amesimama.

Kiatu kilikuwa bado kizingitini. Waliingia, na msichana akapiga magoti mbele ya kabati. Kwenye ukingo wa chini wa kila mtambo, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kuona, kulikuwa na lebo ndogo ya kijani, kwa mwandiko wa kalamu. Wa juu: MWENZANGU NI 417. SAA 2:40. Wa chini: MWENZANGU NI 382. SAA 2:40.

"Kila mtambo unaambiwa namba ya mwenzake," msichana alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia. "Ukishaambiwa, mmoja akianguka mwingine anabeba kazi papo hapo, na anayetumia huko chini hajui kama kuna aliyeanguka. Mjomba hakubandika lebo hii mpaka aone jozi imekubaliana. Alimaliza saa mbili na dakika arobaini, Mama. Ndivyo alivyo. Kazi ya muda wa saa mbili anaimaliza kwa dakika arobaini na hasemi. Ukimaliza mapema usitangaze, watakutafutia nyingine. Karatasi anaimalizia mwishoni, akiwa na chai."

"Na zile picha? Alisema hataunganisha uongo."

"Basi alizitenga kwanza. Na mimi alinituma nitoke ili aongee na mtu."

"Karatasi ya walinzi ni tupu."

"Kwa sababu kompyuta ya walinzi ilizimwa hadi saa nne, tangazo lilisema hivyo. Lakini mlango haukusoma tangazo. Mlango unasema kila unapofunguka, na hapa palikuwa na wa kusikiliza."

Alivuta kiti mbele ya skrini, akaandika. Inspekta alisimama nyuma yake, akiangalia skrini kwa jicho moja na mlango kwa jicho jingine. Chini kabisa ya skrini onyo lilikuwa linawaka kila dakika: Mlango 3 uko wazi. Hilo lilimpa faraja.

Mistari ya Jumapili ikatokea.

3:06. Mlango 3 umefunguliwa. Kadi 021.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Mzee wa Mafaili."

3:11. Mlango 3 umefungwa.

3:12. Kengele imeanza. 30.

3:12. Kitufe kimeshikwa. 22.

3:13. Kitufe kimeachiwa. Kitufe kimeshikwa. 21.

3:14. Kitufe kimeachiwa. Kitufe kimeshikwa. 20.

Msichana alisogeza chini polepole. Inspekta alichelewa kidogo kuelewa, na alipoelewa alitamani asingeelewa. Kidole kilikuwa kinachoka. Mzee Lebo alikuwa anabadilisha mkono, na kila alipobadilisha, saa ilikula sekunde moja. Kumi na tisa. Kumi na nane. Mwanzoni alimudu dakika nzima, halafu hakumudu tena. Tano. Nne. Dakika kumi na tisa alisimama pale, akimtazama mtu kupitia kioo, na ghorofa nzima ilikuwa inasikia king'ora na kuweka sukari. Mstari wa mwisho ulikuwa wa 3:31, na tarakimu yake ilikuwa sufuri.



Koridoni kitu kililia. Kwi. Kwi. Kwi.

"Mama," msichana alinong'ona, na kidole chake kilikuwa kinaonyesha chini ya skrini. Onyo lilikuwa limebadilika.

Mlango 3 umefungwa.

Inspekta aligeuka. Kiatu hakikuwapo. Kupitia kioo aliona sweta safi, na mafaili, na kisha mlango ukatetemeka kama ng'ombe aliyebanwa ubavuni. Alikimbia akausukuma kwa bega. Haukusogea hata upana wa ukucha. Uso wa mzee ulimtazama kwa huruma ileile ya ofisini, kisha ukaondoka kwenye kioo kuelekea upande wa kipini chekundu.

King'ora kilianza.

Kilichompata Inspekta sasa hakukisimulia baadaye kwa mtu yeyote. Aliona tarakimu. Ishirini na nane, ishirini na saba. Kitufe kilikuwa mkono mmoja kutoka kwake, na mkono haukuinuka. Chumba kilikuwa kimemkaba. Alikuwa na miaka sita, ndani ya kabati la shangazi, na ufunguo umepotea. Ishirini. Kumi na tisa. Alijua anakufa na alijua ni kwa uzembe wake, na bado miguu ilikuwa ya mtu mwingine.

Msichana alipita chini ya kwapa lake na kugandamiza kitufe.

Kumi na moja.

King'ora kiliendelea kulia, lakini tarakimu ilisimama.

"Mama. Nitazame."

"Hakuna atakayekuja," Inspekta alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kuna tangazo. Hadi saa saba."

"Najua. Nitazame. Kengele hawaijali. Lakini kompyuta zikizimika, wanapanda wenyewe, na matusi juu. Naweza kuzima mapokezi kutoka pale kwenye skrini. Mapokezi tu, wodi sizigusi. Lakini siwezi kufika pale na kitufe nimekishika hapa. Mjomba naye hakuweza." Alikuwa anatetemeka mwili mzima, isipokuwa kidole. "Weka kidole chako juu ya changu. Usisubiri nitoe. Juu yake kwanza, ukandamize, halafu mimi nachomoka."

Inspekta aliinua mkono. Ulikuwa mzito, lakini ulikuwa wake. Aliweka gumba lake juu ya gumba la msichana, akakandamiza hadi msichana akaguna kwa maumivu, kisha akahisi kidole kile kikiteleza na kutoka.

Kumi na moja.

Nyuma yake vibonye vya kompyuta vilikuwa vinalia. Dakika ya kwanza alihesabu matofali ya korido kupitia kioo. Dakika ya pili gumba likaanza kuwaka moto. Ya tatu likawa ganzi, na ganzi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hakujua tena kama anabonyeza au anadhani anabonyeza.

"Kinatoka," alisema. "Mwanangu, kinatoka."

"Nimemaliza. Nakuja." Kidole chembamba kilikaa juu ya chake. "Nimeshika. Chomoa."

Kumi na moja. Walipokezana hivyo mara nne, kidole juu ya kidole, na saa haikula hata sekunde.

Waliyemsikia kwanza alikuwa karani wa mapokezi, tangu kwenye ngazi. "Nina watu sitini kwenye foleni, sitini, na mtu ameamua kuchezea mtambo saa hizi. Hebu na aniambie usoni." Sauti hiyo ilifukuza hatua za mzee kuelekea mwisho wa korido, kisha kichwa cha karani kikajitokeza kwenye kioo. Aliwaona, akaiona toroli, na ghadhabu ikamwisha usoni. Alikanyaga breki ya magurudumu kuiachia na kuivuta toroli kwa nguvu za mtu anayevuta mbuzi mkaidi. Mlango ulifunguka, na hewa ya korido, yenye harufu ya dawa ya sakafu, iliingia.

Juu ya mafaili, katikati kabisa, kilikaa kiatu cha Inspekta. Kamba zake zilikuwa zimefungwa vizuri.

"Usikiguse," alimwambia karani. "Kina alama za vidole vya mtu."

Koplo alifika dakika tano baadaye, akihema. "Wajukuu wanasema babu aliondoka saa tatu kasorobo, akaahidi kuwaletea biskuti. Hakuleta, ndiyo maana wanakumbuka." Alitazama toroli, kisha uso wa bosi wake. "Nilikuwa hapo chini muda kidogo. King'ora nilikisikia tangu getini, ila nilikumbuka tangazo."

Inspekta alimgeukia, na Koplo akainamisha macho.

"Mwisho wa korido," Inspekta alisema. "Atakuwa anasawazisha mafaili. Mfunge pingu kabla hajakukaribisha kiti. Na mpigie mkuu, mwambie karatasi yake ya mashtaka abadilishe jina."

Koplo aliondoka, na safari hii alikimbia.

Inspekta alirudi mlangoni. King'ora kilikuwa bado kinalia na mlango ulikuwa wazi kabisa, lakini msichana hakuwa ametoka. Alisimama mbele ya kisanduku cha manjano, gumba jeusi kwa kuvilia damu, amekandamiza kitufe kwa nguvu zake zote.

"Achia, mwanangu. Twende nje. Imekwisha."

"Dakika kumi na tisa," msichana alisema bila kugeuka. "Hakuwa na mtu wa kumpokea, Mama. Mimi nilikuwa chini."

Inspekta alitazama korido, iliyokuwa hatua moja tu, na hewa yake nzuri. Kisha akaingia tena chumbani. Aliweka kidole chake juu ya kidole cha msichana, wakakaa hivyo mpaka fundi wa gesi alipofika kufunga mitungi.